Uzi wa Mguu wa Senje

Wiki iliyopita mwenye kibanda kimoja cha masweta pale Gikomba alinifukuza kwa sababu ya njiti moja ya kiberiti.

Nilikuwa nimechagua sweta la kiume, zito, la rangi ya damu ya mzee, lililotoboka kiwiko. Nikavuta kipande kidogo cha uzi kutoka kwenye pindo, nikakiwasha, nikakinusa. Sikufikiria kwanza. Vidole vyangu vilifanya tu, kama vile vimetumwa.

"Wewe! Siste! Unachoma nini hapo?"

"Nataka kujua kama ni ya kondoo," nikasema, kwa sauti ile yangu isiyofika mbali.

"Kondoo? Unaona kondoo hapa? Hapa moto hatutaki, hata wa kiberiti! Lipa usonge!"

"Mwache, buda," akasema wa kibanda cha pili. "Huyo ananusa nyama choma."

Wote wakacheka. Mimi nami niliinamisha kichwa, lakini chini kule nilikuwa natabasamu, kwa maana uzi ulinuka nywele zilizoungua, na majivu yake yalisagika kati ya vidole. Lilikuwa sweta la kondoo halisi. Nikalipa, nikalikumbatia, nikapita katikati ya mikokoteni na maseremala nikiwa na harufu ile puani.

Harufu hiyo, rafiki yangu, ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu nilipokuwa mdogo.

Tuliishi na Kukhu. Ndivyo kwetu magharibi tunavyomwita nyanya, na yeye alikuwa mama wa baba yangu. Nyumba ilikuwa ya marehemu babu, aliyefanya kazi reli: chumba kimoja, jiko dogo nyuma, na sakafu ya simiti nyekundu ambayo Kukhu aliisugua kila Jumamosi mpaka unaona kivuli chako. Ilikuwa nyororo sana sakafu ile, na mwezi wa saba ilikuwa baridi kama bati la asubuhi. Ukishuka kitandani bila kitu miguuni, ulirudi kitandani.

Kukhu hakuipenda baridi. Aliichukia kama mtu anavyomchukia jirani mwizi. "Mtoto wangu hatakanyaga simiti nikiwa hai," alikuwa akisema, na kwake "mtoto" alikuwa mtu yeyote wa ukoo, hata baba yangu mwenye mvi mbili tatu. Kwa hiyo mwaka mzima alifuma. Alifuma maboshori, zile kofia za sufu za kuvuta mpaka masikioni, na alifuma slipa za sufu za kuvaa ndani ya nyumba. Krismasi ilipofika na watu wote wakakusanyika kwake, kila mmoja alipewa boshori lake na slipa zake, na kila mmoja alilazimika kuvaa hapo hapo, jua la Desemba likiwa juu ya mabati. Tulikula kuku na chapati tukiwa tunatoka jasho kama wapishi. Majirani walikuwa wakipita makusudi mbele ya mlango ili watuone.

"Hii familia inakaa wapi, Mlima Kenya?" mtu angeuliza.

"Cheka," Kukhu angejibu. "Julai iko njiani."

Hakuna uzi uliotoka dukani. Uzi wote ulitoka Gikomba, ndani ya masweta ya mitumba ambayo watu hawakuyataka: yenye matobo, yenye madoa, yaliyonyooka mkono mmoja. Tulikuwa tukienda naye asubuhi marobota yakifunguliwa, na kazi yangu mimi ilikuwa pua. Yeye anachomoa uzi, mimi nawasha njiti, mimi nanusa. Ukinuka nywele, ni kondoo. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni plastiki. Sweta la plastiki lilifaa boshori, lakini halikufaa slipa kamwe, na sababu yake nitakuambia sasa hivi.

Nyumbani tulilifumua sweta. Alivuta uzi, nami nikakaa kwenye kigoda na mikono mbele kama mtu anayebeba mtoto asiyeonekana, uzi ukizunguka viganja vyangu. Uzi wa sweta lililofumuliwa hutoka umejipinda kama tambi. Tuliuosha, tukauanika nyuma ya nyumba ukiwa umefungiwa jiwe ili unyooke, na watoto wa mtaa wakawa wanalipiga lile jiwe mateke ili libembee. Kisha Kukhu alikaa mlangoni na sindano zake. Za maboshori zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye simiti. Za slipa zilikuwa vijiti vinene alivyochongewa na seremala mmoja wa Gikomba, ambaye alilipwa kwa boshori. Spoki zilisema ti-ti-ti, vijiti vilisema ko-ko-ko, na kutoka kwenye usingizi wa mchana ungeweza kujua anafuma nini.

Slipa zilipotoka kwenye vijiti hazikufanana na kitu chochote. Zilikuwa kubwa, legevu, kama mifuko ya viazi. Mgeni angedhani zinafumiwa tembo. Hapo ndipo karai lilipoingia. Maji ya moto kiasi cha kuvumilika, sabuni ya mche iliyokwanguliwa kwa kisu, slipa ndani, na mimi juu yake. Nilizikanyaga, nikazikanyaga tena, Kukhu akiongeza maji ya moto pembeni na kuniambia nisogeze mguu. Sufu ya kondoo ikipata joto, sabuni na mateso, inanywea. Nyuzi zinashikana mpaka huoni tena tundu wala mstari, na ile mifuko ya viazi inakuwa viatu vidogo, vinene, vigumu kidogo, ambavyo baridi haipenyi. Plastiki ukiikanyaga mpaka kesho inabaki vile vile. Ndiyo maana ya kiberiti.

Sasa, tulijuaje ni wakati gani wa kuacha kukanyaga? Kwa uzi wa mguu.

Nyuma ya mlango kulikuwa na msumari mrefu wa reli, ambao babu aliupigilia mwenyewe, na juu yake zilining'inia nyuzi. Kila mtu wa familia alikuwa na uzi wake wa rangi yake, wenye mafundo mawili: fundo moja kisiginoni, fundo jingine kwenye dole gumba. Watoto tulipimwa upya kila mwaka. Wakubwa walipimwa mara moja tu. Kukhu alitoa slipa kwenye karai, akaziwekea uzi, na zilipolingana na mafundo alisema, "Shuka." Basi nikashuka. Kisha zilijazwa magazeti na kuachwa zikauke.

Nyuzi zilikuwa kumi na mbili. Halafu zikawa kumi na moja.

Huyo wa kumi na mbili alikuwa Senje, shangazi yangu, dada mdogo wa baba. Senje alikuwa mrembo, mwenye maneno mengi, na nilimpenda kwa sababu alizungumza kwa niaba yangu. Mtu akiniuliza jina, Senje alijibu. Lakini Krismasi moja alikuja na mchumba wake na rafiki zake wawili kutoka kazini, wamevaa vizuri, na Kukhu akamvika boshori mbele yao kama alivyomvika kila mwaka. Rafiki mmoja akacheka. Senje akalivua, akalirudisha mezani, akasema, "Mama, tafadhali. Mimi nimechoka kuvaa kafa Ulaya."

Unajua zamani watu waliita mitumba hivyo, kana kwamba ni nguo za Wazungu waliokufa. Lilikuwa neno la utani tu. Lakini chumba kizima kilikuwa kimevaa kafa Ulaya siku ile, kuanzia kichwani hadi miguuni, na Kukhu ndiye aliyetuvika. Alikwenda nyuma ya mlango, akachukua uzi wa Senje, uzi wa buluu, akautia kwenye jiko la makaa chini ya sufuria. Uliungua ukanuka nywele. Nilikuwa karibu, nikaunusa. Wa kondoo.

Senje akaolewa, akahamia mtaa wa Lucky Summer na mume wake aliyefanya kazi kiwandani huko Baba Dogo. Krismasi iliyofuata hakuja. Baba alijaribu kuongea na Kukhu, Kukhu akamwambia aangalie slipa zake. Na mimi ambaye nilikuwa na umri wa miaka kumi nilijifunza kwamba msumari wenye nyuzi kumi na moja unaweza kuonekana mtupu.

Kisha mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliofuata, mvua ikinyesha, Kukhu akaleta kutoka Gikomba sweta ambalo sikuwa nimeliona mfano wake. Lilikuwa la damu ya mzee, laini, zito, bila hata doa. Nililinusa nikasema, "Kondoo." Akasema, "Najua." Akalifumua peke yake. Uzi ulipokauka alikata kipande kama urefu wa mkono wangu, akakifunga fundo moja, akaniwekea kiganjani.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita alipotaka jambo kubwa, "kesho mama omena anaenda Lucky Summer kwa dada yake. Utaenda naye. Upitie kwa yule."

"Yule" ndilo lililokuwa jina la Senje wakati huo.

"Umpime mguu. Lakini asijue ni mimi nimekutuma. Mwambie ni mchezo wa shule."

Rafiki yangu, mimi nilikuwa mtoto ambaye hata mwalimu akinisalimia nilitazama viatu vyake. Kwenda kwa mtu na kumwambia atoe mguu, tena kwa uongo, ilikuwa sawa na kuambiwa nikahubiri. Lakini nilijua uzi ule ni wa nini. Nikaukunja ndani ya soksi.

Mama omena alikuwa jirani yetu muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mkubwa mwenye harufu ya ziwa na kicheko cha kuamsha watoto. Tulipofika Lucky Summer, mvua ilikuwa imegeuza njia kuwa uji. Tukamkuta Senje akitoka kwenye mfereji na mtungi wa maji, amevaa gambuti, yale mabuti marefu ya mpira, anavuta mguu mmoja baada ya mwingine kwenye matope.

"Niaje, mtu wangu!" akaniita kutoka mbali. "Umekuwa mrefu! Ama ni matope yamekuinua?"

Nikacheka bila sauti. Aliacha gambuti mlangoni, tukaingia. Alipika chai ya maziwa, akakaanga mayai, na yeye na mama omena wakaongea kuhusu kila mtu wa mtaa wetu isipokuwa mmoja. Nilikaa kwenye kochi na uzi ndani ya soksi ukinichoma kama upupu. Kila nilipofungua mdomo, maneno "mchezo wa shule" yalifika kwenye meno yakarudi.

Mama omena alipokwenda kwa dada yake kidogo, Senje akakaa karibu nami. Akawa anaikunja na kuikunjua leso yake.

"Kukhu wako hajambo?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Huwa ananitaja?"

Jibu lilikuwa rahisi. Ningesema, amekununulia sweta zuri kuliko yote. Ningesema, amekata uzi. Lakini nilikuwa nimeambiwa asijue, na mimi kusema kitu kimoja tu kilikuwa kazi, sembuse kuchagua kati ya viwili. Nikanyamaza, nikatazama miguu yake, ambayo ndiyo niliyotumwa kuipima. Ilikuwa ndani ya soksi nene, ameikunja chini ya kochi.

"Sawa," akasema. Akainuka kukusanya vikombe. "Sawa tu. Nimeuliza."

Mpaka leo nikikumbuka ile "sawa tu" nataka kurudi kwenye lile kochi niseme.

Mama omena akaja kunichukua. Senje alikuwa ndani akinifungia mkate kwenye karatasi. Nikabaki peke yangu mlangoni, nikaona gambuti zake zile, na nikashukuru Mungu. Nikachuchumaa, nikauweka uzi chini ya soli, kisigino hadi ncha, nikafunga fundo la pili. Nimempima bila kusema neno!

Kukhu aliupokea uzi, akaushika kwenye mwanga. Akaupima kwa kiganja chake. Akaupima tena.

"Umempima vizuri?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Kisha uso wake ukaanza kubadilika, taratibu, kama vile mtu ameinua pazia. "Miguu imevimba," akasema. "Mwanangu ana mimba."

Nilitaka kusema, "Kukhu, ni gambuti." Nakuambia ukweli, nilitaka. Lakini alikuwa tayari amesimama mlangoni akimwita mama omena kwa mkono, na mama omena akauliza, "Nini tena?" na Kukhu akamnong'oneza, na mama omena akapiga kile kicheko. "Aah! Nilimwona anapumua sana! Nilijua!" Hakuwa amejua chochote. Jioni hiyo hiyo ujumbe ulikwenda Lucky Summer kupitia kwa dada yake mama omena: mama yako anasema uje Krismasi, na usibebe kitu kizito.

Basi mwezi mzima Kukhu alifuma akiimba. Alifuma slipa za damu ya mzee, na nilipokanyaga aliniambia "Shuka" mapema mno, zikiwa bado kama boti, kwa sababu ndivyo uzi ulivyosema. Kisha akachukua spoki na kufuma boshori dogo sana, dogo kama chungwa, la njano. Hilo alilificha chini ya mto. Mimi nililala karibu na mto ule nikijua kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekijua, na kila asubuhi niliapa kukisema kabla ya chai, na kila siku chai iliisha.

Siku ya Krismasi Senje alikuja. Alikuja mwembamba kama ufagio, katika gauni la kubana, mumewe nyuma yake amebeba kreti ya soda. Chumba kizima kilitazama tumbo lake. Hakukuwa na kitu cha kutazama. Alisimama mlangoni hajui kama aingie.

"Kaa, kaa," Kukhu akasema, akimsukuma kwenye kiti kizuri. "Usiinue hiyo sufuria! Mtu ampe mto wa mgongo."

"Mama, kwani mimi ni mgonjwa?"

"Nani amesema mgonjwa? Kunywa maziwa."

Senje alimtazama mumewe, mumewe akatazama soda. Nilikuwa pembeni mwa kabati, miguu yangu ya slipa mpya ikitoka jasho, na moyo wangu ukipiga ko-ko-ko.

Zawadi zikatolewa. Kukhu aliacha ya Senje iwe ya mwisho. Alimwekea tu mapajani. Senje akazigeuza, akazipapasa, na nikaona amezipenda. Alipeleka hata moja puani. Akavaa. Miguu yake ikapotea humo ndani. Alipojaribu kusimama, mguu ulitoka na slipa ikabaki.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa baya. Katika familia yetu watu hucheka mtu akipiga chafya, lakini siku ile wote walikumbuka boshori lililorudishwa mezani, na nikaona Senje naye amelikumbuka. Macho yake yakajaa maji. "Mama," akasema polepole, "kama ulitaka kunilipa, ungeniambia tu nisije."

"Kukulipa?" Kukhu akasema. "Mimi nimefuata uzi. Nimefuata uzi wako."

Senje aliinama kuchukua mkoba wake chini ya kiti. Nikajua akishaupata mkoba ule ataondoka, na akiondoka siku hiyo, msumari utabaki na nyuzi kumi na moja milele. Sijui nilitokaje pembeni mwa kabati.

"Ni mimi!" nikasema.

Watu wote waligeuka. Baba yangu aligeuka kama vile kabati ndilo limeongea.

"Ni mimi. Nilipima gambuti. Niliona haya kumwambia atoe mguu. Nikapima gambuti zake za mlangoni."

Kisha mume wa Senje, mtu mpole ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie, akasema, "Lakini hizo gambuti ni zangu."

"Zako?"

"Zangu za kazini. Yeye huzivaa akienda mferejini."

Akavua viatu vyake, akatia mguu kwenye slipa ya damu ya mzee. Iliingia kama ufunguo. Akatia wa pili. Akatembea hatua mbili kwenye simiti ya Kukhu, akajigeuza kama mtu anayejaribu suti. "Zimenitosha kabisa," akasema.

Hapo ndipo nyumba ilipopasuka. Mama omena, aliyekuwa dirishani kama kawaida, alicheka mpaka akashika ukuta. Baba alikaa chini. Senje alicheka na machozi yake hayajakauka, kisha akaacha ghafla, akanyoosha kidole. "Na hiyo ni nini?"

Kukhu, kwa kuchanganyikiwa, alikuwa amechomoa boshori dogo la njano na kulishika mkononi. Alilitazama. Alimtazama bintiye mwembamba. Akageuka mezani.

"Ni la thamosi," akasema, akalivisha kifuniko cha thamosi ya chai. "Chai inapoa upesi siku hizi."

Lilienea vizuri sana. Na sote tulioelewa tulitazama dari.

Halafu Kukhu akawa Kukhu tena. "Wewe, mume, vua hizo, zako ni mwaka ujao. Wewe," akamwambia Senje, "vaa. Mama, leta karai."

Nilileta karai. Nilileta maji ya moto na sabuni ya mche. Katikati ya chumba, watu wakiwa wamesimama na sahani zao, Senje aliketi na gauni lake zuri limepandishwa magotini, slipa mguuni, miguu ndani ya maji. Kukhu alipiga magoti kwenye simiti mbele yake. Akaanza kusugua. Hakuna aliyekanyaga sasa, alikuwa anatumia viganja: kisigino, kando, vidole, na kurudi kisigino, sabuni ikitoka povu la rangi ya waridi. Sikuwahi kuona slipa zikinywea juu ya mguu wenyewe. Zilishuka pole pole, kama kitu kinachomtafuta mwenyewe.

"Mama, yanachoma."

"Tulia. Hata ulipokuwa mdogo ulipiga kelele hivi hivi kwenye karai hili."

"Mama." Senje aliinama mpaka paji lake likakaribia kitambaa cha kichwa cha Kukhu. Nilikuwa nimeshika birika, ndiyo maana nilisikia. "Lile neno nililosema. Lilinitoka tu. Nililitafuta niliokote, sikulipata."

Kukhu akaendelea kusugua. "Lete mguu wa pili," akasema, "kabla maji hayajapoa."

Hiyo tu. Lakini Senje alielewa, maana alilala kwetu siku ile, na slipa zilikaukia miguuni mwake, na tangu siku hiyo hazikumtosha mtu mwingine duniani. Uzi ule niliopima vibaya haukutupwa. Kukhu aliutundika kwenye msumari kuwa uzi wa mume, kisha akampima Senje mguu wenyewe, akatundika wake pembeni. Nyuzi zikawa kumi na tatu. Na mimi nikapata jina la kudumu. Mpaka leo nikitumwa hata dukani mtu lazima aseme, "Na usipime gambuti."

Miaka mitatu baadaye Senje alipata mtoto kweli. Siku ya kumwona, Kukhu alisimama, akaivua thamosi boshori lake, akalifua, akampelekea. Thamosi ikabaki kipara, tukaionea huruma.

Msumari haupo tena. Nyumba zile zilibomolewa, na mahali pa mlango wetu sasa pana ghorofa ambalo juu yake sijapanda. Nilipita pale baada ya kutoka Gikomba. Mama omena alihama, sijui wapi. Sikusikia ko-ko-ko mlangoni kwa mtu yeyote. Watoto wa siku hizi wananunuliwa slipa zenye masikio ya sungura, na ni nzuri, sisemi ni mbaya, lakini nilichukua moja nikaivuta uzi kwa ukucha na nikajua bila kiberiti.

Kukhu yuko nyumbani magharibi. Macho yake hayaoni tena mishono. Baba alipohama alizifungia nyuzi zote ndani ya boshori na kunipa mimi, na usiku wa kuzipanga mezani ndipo nilipoona jambo ambalo sikuliona miaka yote niliyolala chini ya msumari ule. Nilizihesabu mara mbili. Wa baba, wa mama, za baba wakubwa, za binamu, wa Senje, wa gambuti. Wa Kukhu haukuwepo. Aliyesema mtoto wake hatakanyaga simiti alitembea juu ya simiti ile kwa ndara za plastiki tangu nilipomjua, na hakuna aliyewahi kumwambia, lete mguu.

Basi ndiyo sababu ya sweta la damu ya mzee. Juzi nilimpigia simu. Kuongea kwenye simu bado ni kazi kwangu, lakini nilimwambia bila kuzunguka kwamba nataka kumfumia slipa, na je, kuna mtu hapo anaweza kumpima mguu na kunitumia urefu?

Alicheka mpaka akakohoa.

"Mtu gani?" akasema. "Wapime ndara zangu? Hapana, mama. Njoo wewe."

Nitaenda mwisho wa mwezi. Senje amesema tutaenda pamoja, na karai atabeba yeye. Sweta nimeshalifumua, uzi umeshanyooka. Kipande kimoja nimekikata urefu wa mkono na kukiweka ndani ya soksi, kikiwa na fundo moja tu.